Shairi Lililoandikwa kwa Msumari

Niliandika uongo kwenye kaburi la mama yangu, tena kwa simiti. Mkono ulioandika ulikuwa wa fundi, lakini maneno yalitoka kinywani mwangu, na fundi mwenyewe aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Mara zote mbili nilisema niko nao. Mimi huwa na uhakika sana na mambo ambayo sijauliza mtu.

Huku kwetu Kalama, mtu akizikwa nyumbani, kaburi huachwa udongo mtupu kwa miezi kadhaa ili udongo ushuke. Mwaka ukikaribia kuisha, kabla ya misa ya ukumbusho, familia inaita fundi. Anamwaga simiti juu, anailainisha kwa mwiko, na kabla haijashika anachukua msumari wa inchi nne na kuandika jina, na chini ya jina maneno machache. Maneno yenyewe karibu yote ni ya Biblia, na chini yake huwekwa kitabu, sura na mstari. Ukitoka kwetu kwa miguu mpaka barabarani, utapita Zaburi ya ishirini na tatu si chini ya mara nne.

Mimi nikataka mama awe na kitu chake. Mama alikuwa na shairi. Alikuwa akilisema kila akisuka kyondo, ule mfuko wa katani ambao akina mama wa hapa wanaweza kuusuka wakitembea, wakigombana au wakisinzia. Ubeti mmoja tu, kisha ananyamaza na kuendelea kwa kuimba puani, mm-mm, mm-mm, mpaka kamba iishe. Ubeti huo niliujua kabla sijaijua Baba Yetu:

Ewe njia ya mchanga, wanipeleka kwa nani?
Nimejitwika karanga, na kibuyu mkononi,
Jua likizama, janga, sina pa kulala ndani,
Nirudishe, ewe njia, nirudi kwetu nyumbani.

Mama hakuwahi kusema amelitunga yeye. Hilo niliamua mimi, nikiwa na umri wa kama miaka kumi, kwa hoja ambayo niliiona ina nguvu sana: shuleni sikufundishwa, redioni sikulisikia, na katika ukoo wetu hakuna mtu mwingine aliyelijua. Basi ni lake. Nikaenda nayo hoja hiyo mpaka kidato cha nne, nikarudi nayo nyumbani pamoja na sanduku la bati, na kwa miaka mingi nikawa nikiwaambia wageni, "Mama yangu ni mshairi." Mama akisikia alikuwa anacheka na kusema, "Huyu naye," kisha anaenda kuangalia mbuzi. Mimi nikadhani ni unyenyekevu wa wasanii.

Fundi alipomaliza kuchimba mstari wa nne akainua msumari.

"Hii ni ya kitabu gani?"

"Si ya Biblia."

"Sasa hapa chini niweke nini? Maneno huwa na mwenyewe."

"Acha wazi."

"Nikiacha wazi watu watasema fundi alisahau. Dada, simiti haingoji. Sema."

Nikaangalia ile nafasi chini ya mstari wa nne. Kweli ilikuwa uchi. Nikasema, "Andika: Utungo wake mwenyewe."

"Uko na uhakika?"

"Niko nao."

"Nikishachimba sifuti. Uko na uhakika kweli?"

"Niko nao. Chimba."

Kaka yangu alifika Jumapili iliyofuata. Anafanya kazi Athi River, kwenye kiwanda cha simiti, na ndiye aliyeleta ile mifuko iliyomwagwa pale. Akasimama mbele ya kaburi, mikono nyuma, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga.

"Nilikuambia uweke Zaburi," akasema.

"Zaburi kila mtu anayo."

"Ndiyo maana inaitwa salama." Akasoma tena, polepole. "Karanga, profesa? Kwenye kaburi?"

Ananiita profesa, au akiwa amekasirika, profesa wa jikoni. Lakini siku hiyo hakukasirika. Nadhani hata alivutiwa, maana kabla hajaondoka aliniambia ameongea na katekista, na kwenye programu ya misa wameweka kipengele: "Shairi la marehemu, kusomwa na bintiye." Misa ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo. Nikasema sawa. Nilifurahi hata nikasahau kwamba mimi siwezi kusimama mbele ya watu zaidi ya sita.

Kaka huniletea vitabu badala ya sukari. Anavinunua kando ya barabara, kwa mtu anayevitandaza juu ya gunia, na anachagua kwa unene, maana anaamini kitabu kinene kinanifanya nisimpigie simu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Lango letu nalijua zaidi kwa upande wa ndani. Vitabu vingi anavyoleta havina jalada, vingine havina kurasa za mwanzo, kwa hiyo nimesoma riwaya nyingi sana ambazo siwezi kukuambia zinaitwaje wala nani aliziandika. Nakutana na watu wakiwa tayari wamegombana, na inabidi nijue mwenyewe sababu.

Ya safari hii ilianza ukurasa wa tisa. Ilikuwa hadithi ya msichana anayefanya kazi katika kiwanda cha chai, na mzee mlinzi wa lango ambaye anampenda kama mwanawe. Nilikuwa nimeketi jikoni Jumanne asubuhi, maharagwe motoni, miguu juu ya kigoda. Msichana anatoka kazini akilia. Mlinzi, ili amtulize, anamwambia nitakusomea shairi la utotoni. Nikageuza ukurasa huku nikikoroga.

Ewe njia ya mchanga, wanipeleka kwa nani?

Nilisoma mstari huo mara tatu. Kisha nikafanya kitu cha ajabu: nikainua kichwa kuangalia nje, kwenye kigoda cha mama chini ya ukuta, kama mtu aliyesikia akiitwa. Kigoda kilikuwa na kuku.

Nikarudi kwenye kitabu. Mstari wa pili haukuwa na karanga. Ulisema:

Sina mkuki na panga, wala fimbo mkononi.

Wa tatu na wa nne ilikuwa ile ile ya mama, neno kwa neno. Na baada ya wa nne, mahali ambapo mama alikuwa anaanza mm-mm yake, mlinzi aliendelea! Akaanza ubeti wa pili:

Ewe njia ya miiba, wanichoma bila kosa...

Hapo gari la meneja likapiga honi langoni, mlinzi akakimbia kufungua, na sura ikaisha.

Maharagwe yaliungua. Sikujali. Niliruka kwenda sura iliyofuata, nikitafuta mlinzi arudi amalizie. Hakurudi. Nikasoma kitabu chote siku hiyo, kurasa mia mbili na zaidi, si kwa sababu ya msichana, ambaye kusema kweli alikuwa ananichosha, bali nikimngoja yule mzee afungue mdomo. Katika sura ya kumi na moja akafungua mdomo, akaomba maji, akafa. Nilimkasirikia mwandishi kama mtu aliyeniibia. Ningemwandikia barua, kama ningejua ni nani.

Jioni nikakaa na hali yenyewe. Mambo yalikuwa mawili. Ama mwandishi wa riwaya alilichukua shairi kwa mama, ama mama alilichukua mahali. La kwanza nililipa nafasi kubwa kuliko lilivyostahili. Nikawaza labda mwandishi aliwahi kupita huku zamani, akanunua kyondo, akasimama kidogo akisikiliza. Nikamvisha hata kofia. Lakini mama alikuwa akisoma Biblia na maandishi ya pakiti za mbegu tu, na mlinzi alisema shairi ni la utotoni, na lile jambo la mkuki na panga lilikuwa limekaa vizuri mno mahali pake. Mtu anayeogopa kulala njiani analia hana silaha. Halii ana karanga.

Kilichoniuma si aibu peke yake, ingawa aibu ilikuwepo. Mama alilima, akafua, akasuka, akauza, akatusomesha. Ukiniuliza ni kipi katika hayo alikifanya kwa kuwa alikipenda tu, bila mtu kukihitaji, ningekuonyesha lile shairi. Ndilo nililokuwa nalo. Na Jumamosi nilitakiwa kusimama mbele ya padri na kijiji kizima niseme, hili alitunga mama, na kama kuna mtu mmoja tu pale aliyelisoma shuleni, angejua kwamba binti wa marehemu ni mwongo na kaburi la marehemu linadanganya.

Nikatafuta kwa simu. Niliandika mstari wa kwanza wote, na simu ikanijibu kwa matangazo ya watu wanaouza mchanga wa mto kwa lori, mpaka mlangoni kwako. Nilibonyeza tangazo moja, likaniomba namba, nikaweka, na kesho yake mwenyewe akanipigia kuuliza nataka tani ngapi.

Jumatano nikafanya jambo ambalo ndugu zangu bado hawaamini: nikaoga mapema, nikavaa viatu vya kufunga, nikaenda mjini Machakos, kwenye maktaba. Pale mezani alikuwa kijana mpole mwenye miwani.

"Habari mama. Unatafuta kitabu gani?"

"Sijui jina lake."

"Mwandishi?"

"Sijui."

"Kinahusu nini?"

"Kitabu ninacho. Hiki hapa. Natafuta shairi lililo ndani yake."

Akakipokea, akakigeuza, akatafuta jalada ambalo halipo. "Kama unacho na shairi limo, sasa unatafuta nini?"

"Mwisho wake."

Aliniangalia kwa huruma, akanipeleka kwenye rafu ya ushairi. Nusu ilikuwa miongozo ya mtihani. Nikakaa pale mpaka saa tisa nikipekua diwani moja baada ya nyingine. Nilikutana na njia za kila namna, za mjini, za mbinguni, na moja ya reli. Ya mchanga haikuwepo. Nilirudi nyumbani nimechubuka visigino, nikavua viatu langoni, nikatembea peku mpaka jikoni nikiwatukana washairi wote wa dunia hii kwa kutunga mambo mengine.

Nikampigia kaka.

"Toa kile kipengele kwenye programu."

"Imeshachapishwa. Kwa nini?"

Nikamweleza. Kisha nikasikia akicheka pole pole, mbali na simu, kama mtu anayejaribu kuheshimu msiba.

"Kwa hiyo tumeandika uongo."

"Nimeandika."

"Hapana, simiti ni yangu. Tumeandika." Akacheka tena. "Profesa, Jumamosi utasimama tu. Ukiona mtu amekunja uso, umrukie na Zaburi."

Ijumaa akaja jirani yetu kunisaidia kuchambua mahindi na maharagwe ya muthokoi, maana hakuna ukumbusho huku kwetu bila sufuria ya mahindi yaliyokobolewa. Ni mama mzee, rika la mama yangu, shamba lake limepakana na letu. Namwita mwaitu, yaani mama, kama tunavyowaita wote wa umri wake. Alikuwa hajafika tangu simiti imwagwe, kwa sababu ya goti. Kabla ya kuketi akataka aonyeshwe kazi. Tukasimama mbele ya kaburi, hatua chache tu kutoka jikoni.

"Macho yangu hayafiki," akasema. "Nisomee."

Sikutaka. Lakini utamkatalia vipi mama mzee aliyetembea na goti? Nikasoma jina. Nikasoma mstari wa kwanza. Akatikisa kichwa, taratibu, kama anayekumbuka. Nikasoma wa pili.

"Aiya!" akapiga kelele. "Karanga! Mmeandika karanga!"

Akacheka mpaka akashika ukuta wa jiko. Nikamletea kigoda. Akaketi akapangusa macho kwa kanga, akanitazama, akaanza tena.

"Mwaitu, unalijua hili shairi?"

"Nani hakulijua? Tulifundishwa darasa la tano, mimi na mama yako dawati moja. Mwalimu alikuwa na kitabu kimoja, anaandika ubaoni, tunashika kwa kichwa, anafuta. Kesho yake unaitwa mbele."

"Na mama aliitwa."

"Aliitwa. Akasema mstari wa kwanza sawasawa. Wa pili, kitu chote kikatoka kichwani. Ni mkuki sijui na nini."

"Sina mkuki na panga."

"Hiyo hiyo. Ikatoka. Na mama yako hakuwa mtu wa kunyamaza, wewe unamjua. Akaangalia pale kwenye dawati chakula chake, amefungiwa karanga kwa kitambaa, na kibuyu cha uji. Akasema, bila kusita hata kidogo, nimejitwika karanga, na kibuyu mkononi! Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu akamchapa viboko viwili, halafu akaenda nje kucheka, tukamwona dirishani. Kutoka siku hiyo hakuna mtu alisema mkuki tena. Ni karanga, shule yote. Mama yako akaendelea nayo mpaka uzee, sijui kwa kiburi."

Nilikaa chini kwenye majani, na ungo wa maharagwe mapajani. Mstari mmoja basi. Katika minne, mmoja ulikuwa wake, tena ule ambao mimi mwenyewe, Jumanne, niliuona haujakaa vizuri. Nilitaka kufurahi, na nusu yangu ilifurahi, lakini nusu nyingine ilikuwa tayari na njaa.

"Na ubeti wa pili, mwaitu? Unaanza ewe njia ya miiba. Unaendeleaje?"

"Sijui."

"Ulimalizika vipi? Alifika kwao?"

"Nani?"

"Yule msafiri."

"Mwiitu wakwa, binti yangu, chagua maharagwe."

"Nani alilitunga? Mwalimu alisema?"

"Hayo mawe usiyaache ndani, yatavunja mtu jino."

Jumamosi nilisimama. Nikawaambia watu kwamba kaburini kuna kosa, na kosa ni langu. Kwamba shairi lina mwenyewe nisiyemjua, na mama alitia humo mstari mmoja kwa sababu ya njaa na uoga. Kisha nikaanza kusoma. Nilipofika wa pili, wazee wa safu za nyuma wakaitikia pamoja, wanaume kwa wanawake, "Nimejitwika karanga!" na mzee mmoja mbishi akapaza sauti peke yake, "Sina mkuki na panga!" na wenzake wakamzomea. Padri akacheka. Kaka akainamisha kichwa, mabega yakitikisika. Kwa dakika kama mbili mama alikuwa mshairi kuliko nilivyowahi kudai.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilipoona watu wale wote wanalijua, nikakumbuka ule mstari wa miiba na honi ya meneja, na moyo ukanipanda. Chakula kilipogawiwa nikachukua kalamu na ile programu, nikaanza kuzunguka viti. Mzee wa kwanza alisema msafiri anakutana na fisi. Mama mmoja akasema hapana, fisi ni wa hadithi nyingine, huyu anakutana na mamaye kisimani. Wakabishana. Mzee mbishi wa mkuki akasema ubeti wa pili haukuwepo kabisa, ni watu wa riwaya wameongeza. Nikamwuliza mwingine, akanipa mistari minne mizuri sana, nikaiandika yote kwa furaha, kisha mkewe akaniambia huo ni wimbo wa kanisani. Niliandika, nikafuta, mpaka programu ikawa haisomeki jina la marehemu.

Mwisho nikamrudia jirani. Alikuwa kivulini na sahani ya muthokoi mapajani, goti amelinyoosha. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mwaitu, jaribu tu. Funga macho. Ewe njia ya miiba, wanichoma bila kosa, halafu?"

Akatafuna mpaka akamaliza. Akameza. Akasema, "Mama yako ulikaa naye nyumba moja miaka hiyo yote, yeye anasuka hapa, wewe unasoma hapo, na hukumuuliza. Sisi tuache tukule."